Gari halichemshi foleni, linachemsha Kitonga: nifungue injini?

Swali la msomaji wa Tabata, Dar es Salaam:

"Shikamoo fundi. Natumia Toyota Premio ya mwaka 2004, injini ya 1NZ, otomatiki. Mwaka jana ilichemsha kwenye foleni, fundi akasema feni haizunguki, akaiunga dairekti izunguke muda wote nikiwasha gari. Akatoa na themostati, akasema kwa joto la Dar haina kazi. Tangu hapo foleni haina shida. Mwezi uliopita nilikwenda Iringa msibani, nikiwa katikati ya mlima Kitonga mshale wa joto ukapanda karibu kugusa H. Nikasimama, nikafungua mfuniko, maji ya moto yakaruka, nusura yaniunguze. Nikaongeza maji nikafika. Tangu nirudi maji yanapungua kama nusu lita kwa wiki na chini sioni tone. Nimebadilisha mfuniko wa rejeta, bado. Fundi mwingine anasema gasketi imeungua, niandae hela ya kufungua hedi. Desemba lazima niende tena, safari hii na watoto. Nifungue?"

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba, na pole kwa yale maji. Nitayarudia mwishoni, kwa sababu nimewaona watu waliobabuka uso kwa mfuniko wa rejeta na sitaki uwe mmoja wao.

Usifungue bado. Sisemi gasketi, ule utando unaoziba kati ya hedi na bloku, ni nzima, maana sijaligusa gari lako. Ninachosema ni kwamba katika maelezo yako yote sijaona kipimo hata kimoja. Kuna mtu aliyeangalia, akasikiliza, akataja gasketi. Hedi ya 1NZ, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda, ni ya alumini, na bloku yake, yaani mwili wenye silinda, ni ya alumini. Ukiifungua bila sababu unaingia gharama ya gasketi, kuipeleka hedi kwa fundi mchongaji, oili, kulanti (dawa ya maji ya rejeta) na siku kadhaa bila gari. Kisha unaweza kupanda Kitonga ileile na mshale ukapanda palepale, kwa kuwa tatizo halikuwa huko.

Gari la kuchemsha likiletwa kwangu, huwa naanza kwa kuuliza linachemsha wapi. Linalochemsha likiwa limesimama na kupoa likianza kutembea lina shida ya upepo: feni haizunguki, au inazunguka kwa uvivu, au mapezi ya rejeta na ya kondensa ya kiyoyozi yamejaa vumbi na wadudu. Linalochemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi, huku mpira wa chini wa rejeta bado wa baridi, huwa themostati, ile vali inayofunguka kwa joto kuruhusu maji yapite kwenye rejeta, imekwama ikiwa imefunga, au maji hayamo. Mshale unaopanda na kushuka bila mpangilio mara nyingi ni hewa iliyonaswa ndani ya mzunguko. Na gari ambalo foleni limetulia lakini mlimani au kwenye mwendo mkubwa linachemsha, kama lako, lina maji yasiyopita kwenye rejeta kwa wingi unaotakiwa, au rejeta isiyoweza kutoa joto lote, au upepo unaopingwa. Gasketi nayo iko kwenye kundi hili la mwisho, nakubali. Lakini haiko peke yake, na kwako wewe kuna washukiwa wawili waliowekwa na mkono wa fundi kabla hata hatujafika huko.

Wa kwanza ni themostati iliyotolewa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni kosa ninalokutana nalo karibu kila wiki, na linatendwa na mafundi wazuri kabisa wanaoamini wanamsaidia mteja.

Fuata maji yanavyokwenda. Pampu inayasukuma ndani ya bloku, yanapita pembeni mwa silinda, yanapanda kwenye hedi ambako joto ni kali zaidi, yanatoka kwa mpira wa juu kwenda kwenye rejeta, yanashuka yakipoa, kisha yanarudi kwa mpira wa chini hadi kwenye pampu. Kwenye 1NZ themostati imekaa mahali mpira wa chini unapoingilia injini, upande wa kurudi. Lakini kuna barabara ya pili, ndogo, iliyo ndani: maji yanaweza kutoka kwenye injini na kurudi moja kwa moja kwenye pampu bila kupitia rejeta. Hiyo ni njia ya mkato. Imewekwa makusudi ili asubuhi injini ipate joto upesi.

Sasa ishike themostati ya 1NZ mkononi uitazame vizuri. Ina sahani mbili. Ile kubwa ya juu ndiyo inayofungua njia ya rejeta maji yakifika kati ya nyuzi 80 na 84 za Selsiasi. Ile ndogo ya chini hukaribia na kuziba njia ya mkato kadiri ya juu inavyofunguka. Injini ikiwa ya moto kwelikweli, njia ya mkato imefungwa na maji yote yanalazimika kupita kwenye rejeta. Ukiitoa themostati unaondoa sahani zote mbili. Njia ya rejeta inabaki wazi, sawa, lakini na njia ya mkato inabaki wazi daima, na maji hupenda kupita pasipo na upinzani. Sehemu yake inazunguka ndani ya injini, inatoka ya moto na kurudi ya moto, bila kuonja upepo.

Foleni ya Ubungo haitalifichua hilo. Injini ikiwa sailensa tu, yaani inanguruma bila kuvuta gari, inatoa joto dogo, na ile sehemu ya maji inayopita kwenye rejeta inatosha. Ndiyo maana ukaamini umepona. Kitonga ni kitu kingine. Unatoka bonde la Ruaha Mbuyuni ambako jua halina huruma, umebeba abiria na mizigo, kiyoyozi kimewaka, halafu unaanza kupanda kona baada ya kona nyuma ya lori linalotambaa. Injini inachoma petroli nyingi kwa dakika nyingi mfululizo, na karibu theluthi ya nguvu ya petroli hiyo inaingia kwenye maji kama joto. Upepo wa mwendo haupo kwa sababu ya lori. Hapo kila tone lilitakiwa lipite kwenye rejeta, na lako halipiti.

Kwa hiyo ile hoja ya kwamba kwa joto la Dar themostati haina kazi ni potofu mara mbili. Injini hii inataka maji yake yawe kati ya nyuzi 80 na 95 hivi, iwe Makambako alfajiri au Kariakoo saa nane mchana. Ikikaa baridi, kompyuta inadhani bado inapasha moto, inaongeza petroli. Oili nayo haipati joto la kutosha kukausha unyevu, na baada ya muda unaona utando wa matope ndani ya kifuniko cha oili. Utando huo, nao, kuna fundi atakuonyesha na kusema ni gasketi. Kama tangu mwaka jana umeona gari linakunywa mafuta kuliko zamani, sababu moja umeipata.

Nunua themostati mpya ya injini hiyo hasa, iliyoandikwa 82 na yenye zile sahani mbili. Usikubali ya kubahatisha yenye sahani moja. Kabla ya kuifunga ipime jikoni: ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka na kipimajoto, washa jiko. Ianze kufunguka zikifika nyuzi 80 na kitu, na maji yakikaribia kuchemka iwe imefunguka karibu sentimita moja. Ikipoa ifunge yenyewe. Nimekuta themostati mpya, ndani ya boksi, ambazo hazikufunguka kabisa, ndiyo maana sifungi hata moja bila sufuria. Wakati wa kufunga, weka mpira wake mpya wa kuzibia, na kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza kikae juu, kwa kuwa kazi yake ni kupitisha hewa iliyonaswa.

Mshukiwa wa pili ni feni ya dairekti. Mota ya feni ni ya umeme wa betri. Ukigeuza waya mbili inazunguka kinyumenyume, na kwa macho huwezi kujua. Feni ya gari lako imekaa nyuma ya rejeta, upande wa injini, na kazi yake ni kuvuta upepo kutoka mbele. Ikiwa imeungwa kinyume, inasukuma upepo kwenda mbele. Foleni inapoza kiasi, maana upepo ni upepo. Ukikimbia au ukipanda, inapigana na upepo unaoingia kwa grili, na rejeta inabaki katikati haipati wa huku wala wa kule. Kupima ni bure. Washa gari, chukua karatasi moja ya daftari, isogeze mbele ya grili. Ikinata kwenye kondensa, feni inavuta, ni sawa. Ikikupeperukia usoni, umeshajua kilichokupata Kitonga.

Hata ikiwa inazunguka sawasawa, nakuomba uirudishe kwenye mfumo wake. Mwaka jana fundi hakutibu ugonjwa wa feni, aliuzunguka. Feni haikuwaka kwa sababu fulani: fyuzi, rilei, waya iliyoliwa, sensa ya joto la maji, au brashi za mota zimekwisha. Mota inayozunguka kila dakika gari likiwa limewashwa inachakaa upesi, na ikifa itafia safarini. Kinachonitisha zaidi ni waya yenyewe. Nyingi ya hizi dairekti nilizozifungua zimevutwa kutoka kwenye betri bila fyuzi, zimepita juu ya chuma cha moto, zimefungwa kwa nailoni. Huo ni moto unaosubiri siku yake. Mpelekee fundi umeme wa magari, mwambie unataka feni iwake yenyewe maji yakifika nyuzi 90 na kitu, na iwake pia unapowasha kiyoyozi, kama ilivyotoka kiwandani.

Hayo mawili yakishawekwa sawa, ndipo tuitazame rejeta. Gari la 2004, limeongezwa maji ya bomba au ya kisima kwa miaka. Wewe unakaa Dar, unajua visima vyetu vingi vina chumvi. Maji hayo yanaacha magamba ndani ya vijibomba vya rejeta kama yanavyofanya kwenye birika, na kila kijibomba kinachoziba ni eneo la rejeta lililokufa. Fundi mwenye bunduki ya kupimia joto anaweza kuyaona bila kufungua kitu. Injini ikiwa ya moto, themostati imefunguka, anapita na ile bunduki juu ya mapezi ya rejeta, mstari kwa mstari. Joto lishuke taratibu kutoka maji yanakoingilia hadi yanakotokea. Akikuta kipande cha baridi katikati ya eneo la moto, maji hayapiti hapo. Asipime kwenye chuma kinachong'aa, kipimo kitadanganya. Abandike kipande cha seloteipu nyeusi apime juu yake.

Aangalie na mpira wa chini wa rejeta injini ikipandishwa mizunguko. Huo uko upande wa kunyonya wa pampu. Ukiwa umezeeka na kulainika unajikunja kama mrija wa soda unaonyonywa kwa nguvu, na maji yanakatika kwenye mzunguko mkubwa tu, yaani mlimani. Zamani nikiwa bado najifunza, tulifungua hedi ya Corolla moja, tukabadilisha gasketi, mteja akalipa, na baada ya majuma mawili akarudi na ugonjwa uleule. Ulikuwa mpira wa chini. Hatukuwa tumeugusa hata kwa mkono. Yule mzee alikuwa ameuza mifuko ya saruji ya nyumba yake ili atulipe, na mpaka leo nikiwaza kazi ile moyo unaniuma. Tangu siku hiyo sifungui hedi ya mtu kabla sijamwonyesha kwa macho yake kipimo kilichonifikisha huko.

Sasa maji yanayopungua. Kwanza niambie unayapima wapi. Wengi wanatazama chupa ya akiba peke yake. Maji yakipata moto yanatanuka, mfuniko unaruhusu yaliyozidi yaende kwenye chupa, na injini ikipoa rejeta inayanyonya kurudi kupitia vali ndogo iliyo katikati ya mfuniko. Vali hiyo ikiwa mbovu, au ule mpira mwembamba unaoelekea kwenye chupa ukiwa na ufa, maji yanakwenda bila kurudi. Chupa inajaa, inamwaga ukiwa barabarani, rejeta inabaki pungufu, na chini nyumbani hukuti tone. Tazama asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa: fungua mfuniko, maji yawe yamegusa shingo ya rejeta. Tazama na maandishi ya mfuniko mpya ulionunua. Uwe na shinikizo lilelile la mfuniko uliotoka na gari. Kwenye Toyota nyingi utaona 1.1 au 108 kPa, nyingine 0.9 au 88. Mfuniko wa kuokoteza usioshika shinikizo ni hatari kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa anayepanda nyanda za juu. Iringa mjini iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na huko maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Mfuniko mzima wa 1.1 unayapandisha hadi karibu 120 kabla hayajachemka. Mfuniko mbovu unakuacha na zilezile 95, ambazo injini inayopanda mlima inazifikia bila hata kuwa na ugonjwa.

Kama shingo yenyewe inapungua, basi yanatoka mahali, na cha kufanya ni kipimo cha shinikizo. Ni pampu ya mkono yenye geji, inafungwa juu ya shingo ya rejeta badala ya mfuniko. Injini ikiwa baridi, fundi anajaza hadi shinikizo la mfuniko na kuliacha robo saa. Mshale wa geji ukisimama, nje hakuna kuvuja. Ukishuka, tafuta. Chini hukuoni tone kwa sababu tone dogo likiangukia kwenye chuma cha moto linakauka palepale na kuacha alama tu. Kwa hiyo tafuta ukoko mweupe au wa waridi: kwenye mshono wa plastiki na alumini wa rejeta, kwenye klipu za mipira, na hasa chini ya pampu ya maji. Pampu ina kitundu kidogo kilichowekwa makusudi kilie pale sili ya ndani inapokwisha. Kwenye 1NZ pampu iko nje, inazungushwa na mkanda uleule wa altaneta, kwa hiyo kuiona ni kazi ya tochi na kioo kidogo. Papasa na zulia la miguuni mwa abiria wa mbele. Likiwa bichi, na vioo vinajaa ukungu wenye harufu tamutamu, ni rejeta ndogo ya hita. Na kwa kuwa lako ni otomatiki, chomoa na kijiti cha mafuta ya gia. Kwenye magari mengi ya otomatiki mafuta hayo hupoozwa ndani ya tangi la rejeta, na tangi likipasuka kwa ndani, maji na mafuta ya gia yanachanganyika. Ukikuta rangi ya maziwa yaliyotiwa sharubati ya waridi, usiliwashe tena gari. Giaboksi ni ghali kuliko hedi.

Ikiwa geji imesimama wima robo saa nzima na bado maji yanapungua, hapo ndipo nami namtazama mdudu wa gasketi, na hapo pia kuna vipimo. Asubuhi, injini ikiwa baridi, liwashe kisha ukamate mpira wa juu wa rejeta. Ukijaa na kuwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata hata uvuguvugu, kuna mgandamizo wa silinda unaoingia kwenye maji. Kingine ni ile chupa yenye dawa ya buluu inayowekwa kwenye shingo ya rejeta na kuvuta hewa ya juu ya maji. Kama kuna moshi wa silinda ndani yake, buluu inageuka njano. Kipimo hicho ni rahisi na hakina siri, na fundi anayetaka kukufungulia hedi akufanyie mbele yako. Mwambie pia achomoe plagi zote nne azipange. Silinda inayokunywa maji plagi yake huwa imesafishika na kung'aa kuliko wenzake, maana mvuke huosha. Moshi mweupe wa asubuhi unaoisha baada ya dakika chache ni unyevu wa ekzosi, usikutishe. Moshi mweupe usioisha hata injini ikiwa moto ndio wa kuogopa.

Endapo vipimo viwili kati ya hivyo vitasema gasketi, fungua, na usiwe na kinyongo. Lakini simamia mambo mawili. Hedi ipimwe unyoofu kwa rula ya chuma na fila geji, vile vijibati vyembamba vya kupimia mwanya: kwa injini hii mpindo unaoruhusiwa ni 0.05 ya milimita, mwembamba kuliko unywele wako. Ikizidi hapo ipelekwe ikachongwe kwa mashine. Hedi iliyopigwa msasa kwa mkono juu ya meza haitakufikisha Morogoro. Pili, bolti zikazwe kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa awamu, kuanzia katikati kwenda pembeni. Gereji isiyo na toki renchi haina sababu ya kushika hedi ya alumini.

Kuna watu watakaokushauri umwage dawa ya kuziba, au yai, au pilipili ya unga. Tafadhali usikubali. Kinachoziba tundu moja kinaziba na vijibomba vya rejeta na vya hita, na mimi ninayefungua baadaye nakuta uji.

Ukimaliza matengenezo, mfumo uoshwe kwa maji safi mpaka yatoke meupe, kisha ujazwe kulanti. Rangi yake haina maana kubwa, kila kiwanda kina yake. Soma chupa kama ni ya kuchanganya au tayari imeshachanganywa. Ya kuchanganya, weka nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi, kama yale ya betri. Mzunguko wote unachukua kama lita 5 hadi 6. Jaza polepole, pua ya gari ikiwa juu kidogo, hita ikiwa imefunguliwa hadi mwisho wa moto, ukiminyaminya mipira hadi mapovu yaishe na feni iwake na kuzima yenyewe mara mbili. Kulanti ni sumu, na ni tamu. Unayo watoto, kwa hiyo chupa yake isikae karibu na za juisi, na iliyomwagika ioshwe kwa maji mengi.

Na sasa mfuniko. Maji yaliyo chini ya shinikizo kwenye nyuzi 115 hayaonekani yakichemka. Dakika unayolegeza mfuniko shinikizo linatoka, sehemu yake inageuka mvuke kwa mpigo na kuyarusha mengine usoni pako. Subiri. Kamata mpira wa juu kwa kitambaa, uuminye. Ukiwa mgumu, usiguse mfuniko. Ukilegea kabisa, na hiyo ni nusu saa au zaidi, fungua taratibu. Na usimwage maji baridi kwenye injini inayofuka, hedi inaweza kupasuka.

Safari ya Desemba. Mshale wa Toyota nyingi umetengenezwa ukae katikati kwa nyuzi nyingi sana, kwa hiyo ukiuona umesogea hata kidogo juu ya katikati, tayari kuna tatizo, usingoje H. Kabla ya Kitonga pumzika Ruaha Mbuyuni, injini ipoe. Kuanza kupanda, zima kiyoyozi, na usiliache gari likokotane kwenye gia kubwa. Zima O/D (kitufe cha gia ya juu kabisa), au shusha hadi 2 kwenye kona kali, ili pampu izunguke haraka zaidi. Mshale ukisogea, washa hita ya moto hadi mwisho, fungua vioo vyote, wavumilie watoto. Hita ni rejeta ya pili. Na sikiliza: hita ikitoa upepo wa baridi huku mshale uko juu, maji yamekwisha, simama mara moja uzime. Simama pale palipotanuka, weka viakisi mbali nyuma ya gari, watoto washuke wakae upande wa mlima, si wa barabara. Malori ya kule hayana nafasi ya kukukwepa.

Anza na karatasi ya daftari, leo jioni, haigharimu kitu. Kisha themostati, kisha pampu ya shinikizo. Ukimaliza niandikie mambo matatu: karatasi ilikwenda upande gani, geji ilisimama au ilishuka kiasi gani kwa robo saa, na ile dawa ya buluu ilibaki rangi gani. Nikiwa na hayo nitakujibu kuhusu hedi kwa uhakika.